Mhadhara ukivuka ukuta: historia ya ule ugomvi wa "mhadhiri aache siasa"

1.
Uzi mrefu kidogo, wadau. Tafuteni chai. Kila msimu wa siasa kuna maneno mawili hayakosi kwenye mjadala, iwe redioni, kwenye grupu ya WhatsApp ya wadi, au pale stendi ya Migori watu wakingoja matatu ijae. La kwanza: "Wahadhiri wafundishe, siasa wawaachie wenyewe." La pili, klipu ya mhadhara ikishasambaa: "Nani alirekodi? Achukuliwe hatua." Leo tuyafuate haya maneno mpaka yalikotoka.

2.
Kanuni yetu ni ile ile: hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Si woga. Haya maneno mawili yamesemwa na kila upande. Aliye serikalini huyasema kwa sauti, akitoka anayasahau, anayeingia anayaokota pale pale yalipoanguka. Ukitaja majina, watu wanaacha historia wanashika timu.

3.
Nianze na kosa langu. Miaka michache nyuma nilikuwa mwanafunzi katika chuo kimoja, sitakitaja. Somo lilikuwa sheria na vyombo vya habari. Mhadhiri wetu, nitamwita Mwalimu tu, alikuwa na mtindo wake: nusu ya kwanza ya kipindi anatetea hoja asiyoiamini, kwa nguvu zote. Nusu ya pili anaibomoa tofali kwa tofali. Siku hiyo mada ilikuwa redio ndogo ya Homa Bay iliyofungwa mwaka 1984. Nitaifikia. Basi Mwalimu akajifanya wakili wa serikali, akasema watu wa ziwa wakipewa redio ya lugha yao watajitenga na wenzao, afadhali wasikilize ya Nairobi wanyamaze.

4.
Nilirekodi yote kwa simu, dakika 110, kwa sababu binamu yangu alikuwa amekosa darasa. Binamu akamtumia rafiki. Sijui ni nani hapo katikati alikata sekunde 38. Kufikia Jumapili klipu ilikuwa imefika Oyugis na Ndhiwa, ikiwa na maandishi juu: "Mhadhiri atukana watu wa ziwa." Simu ya Mwalimu haikulala. Muhula uliofuata alikuwa anaingia na karatasi, anasoma neno kwa neno, anafunga, anatoka. Ile nusu ya kwanza na nusu ya pili hatukuziona tena.

5.
Nimejiuliza mara nyingi tatizo lilikuwa nini. Kurekodi? Siasa darasani? Nikaanza kusoma ya nyuma. Nilichokuta ni hiki: mara nyingi ugomvi mkubwa wa vyuo vyetu haukuwaka kwa sababu ya kilichosemwa darasani. Uliwaka pale kilichosemwa kilipovuka ukuta, kikamfikia mtu ambaye hakutarajiwa kukisikia. Twende mwaka kwa mwaka.

6.
Kuanzia 1963 Afrika Mashariki nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja chenye matawi matatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Sheria ilikuwa ikifundishwa Dar tangu 1961. Kwa hiyo kijana wa South Nyanza, wakati Migori na Homa Bay zilikuwa bado wilaya moja, akitaka kusomea sheria katika chuo hicho, safari yake ilikuwa ya nchi nyingine. Mwaka 1970 yale matawi yakaachana, Chuo Kikuu cha Nairobi kikasimama peke yake, na mwaka huo huo kikapata kitivo cha sheria na shule ya uandishi wa habari. Sheria na habari zimeingia nyumba moja mwaka mmoja. Kumbukeni hilo.

7.
Sasa jambo ambalo wengi hawalifikirii: rekodi za kwanza kati ya chuo na kijiji zilienda upande ule mwingine. Chuo ndicho kilichokuja kurekodi kijiji. Bethwell Ogot alipoandika historia ya Wajaluo wa kusini, iliyotoka 1967, ushahidi wake mkubwa ulikuwa vinywa vya wazee. Mwaka 1974 B. Onyango-Ogutu na A. A. Roscoe wakatoa kitabu kizima cha fasihi simulizi ya Wajaluo, Keep My Words. Nyanya anatoa sigana, mgeni anaondoka nayo kwenda Nairobi. Wakati huo hakuna aliyepiga kelele ati "nani alirekodi?"

8.
Katikati ya miaka hiyo kuna ule waraka. Tarehe 24 Oktoba 1968 watu watatu wa chuo cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe. Swali lao lilikuwa rahisi: kwa nini fasihi ya Uingereza ikae katikati na ya Afrika iwe kiambatisho pembeni? Walitaka Afrika iwe katikati, fasihi simulizi ifundishwe kama somo kamili, kisha dunia nyingine ifuate kutoka hapo. Mambo yakabadilika. Mtoto wa sekondari kule Awendo akifundishwa leo fasihi simulizi, mzizi mmoja wa hilo somo uko kwenye huo waraka.

9.
Na angalieni: waraka wenyewe ulikuwa siasa tupu. Nani yuko katikati, nani yuko pembeni, ni swali la siasa hata ukilivika joho la fasihi. Lakini ulikuwa karatasi ya ndani, kwa Kiingereza, ya wahadhiri kwa wahadhiri. Ulileta mabishano makali, lakini hakuna aliyekamatwa kwa ajili yake.

10.
Mwaka huo huo wa 1968 Okot p'Bitek, baada ya kuondolewa kwenye ukurugenzi wa jumba la taifa la maonyesho Kampala, alikuja Kenya na kufanya kazi Kisumu, katika ile idara ya chuo iliyopeleka masomo kwa watu wa nje ya chuo. Huko akaandaa tamasha la sanaa. Yaani kulikuwa na wakati chuo kilikuwa na mtu wake Nyanza ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha ukuta una mlango. Wazo hilo halikuja na intaneti.

11.
Halafu ikafika Januari 1969. Wanafunzi wa Nairobi walikuwa wamemwalika kiongozi wa upinzani aje awahutubie. Mwenye kujua anamjua. Serikali ikakataa. Wanafunzi wakagoma kuingia madarasani, chuo kikafungwa, na Ngũgĩ akajiuzulu kazi kupinga jinsi jambo hilo lilivyoshughulikiwa. Hapa ukuta ulivukwa kutoka nje kwenda ndani. Hotuba yenyewe haikutolewa hata sentensi moja. Kilichofunga chuo ni mhadhara ambao haukufanyika.

12.
Ngũgĩ alirudi kufundisha. Julai 1977 riwaya yake Petals of Blood ikazinduliwa Nairobi. Ni kitabu kinachowachana matajiri wapya wa nchi bila huruma, lakini kwa Kiingereza. Kikauzwa madukani, naye akaendelea na kazi. Oktoba mwaka huo huo, kule Kamirithu, Limuru, wakulima na vibarua wakaanza kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia aliyoandika na Ngũgĩ wa Mirii kwa Kikuyu. Novemba kibali kikafutwa. Mwisho wa Desemba akachukuliwa usiku, akawekwa kizuizini bila mashtaka karibu mwaka mzima. Alipotoka hakurudishiwa kazi yake ya chuo.

13.
Pangeni hayo mawili bega kwa bega. Mwandishi ni yule yule, mwaka ni ule ule, hasira ni ile ile. Tofauti ni lugha na kiwanja. Ile ya Kiingereza ilibaki kwa wasomi. Ile ya Kikuyu ilishikwa na mwenye jembe, akaiigiza kwa mdomo wake mwenyewe. Mtu akikwambia shida ilikuwa "siasa za wahadhiri", muulize mbona riwaya iliachwa.

14.
Mfano mwingine, wa upande wa pili. Mwaka 1979 Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, profesa wa siasa aliyepata jina Makerere, alitoa Mihadhara ya Reith kwenye redio ya BBC. Ilikuwa mihadhara sita kuhusu hali ya Afrika, inasikika dunia nzima. Mkenya anafundisha siasa redioni kutoka London na watu wanapiga makofi. Ngũgĩ wakati huo alikuwa ametoka kizuizini karibu mwaka mmoja uliopita na hana darasa nchini mwake.

15.
Sasa 1982. Huu mwaka usomeni polepole. Katikati ya mwaka wahadhiri walikamatwa na kuwekwa kizuizini, wakilaumiwa kwamba wanapanda uasi katika vichwa vya wanafunzi. Kati yao alikuwa Al-Amin Mazrui, mwandishi wa tamthilia Kilio cha Haki, na Willy Mutunga, mhadhiri wa sheria. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti yeye alipelekwa mahakamani na kufungwa. Micere Mugo akakimbia nchi. Juni, katiba ikabadilishwa chama kikawa kimoja kisheria. Agosti 1, jaribio la mapinduzi. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa kwa zaidi ya mwaka.

16.
Hapa lazima nikiri, hoja yangu ya ukuta inayumba. Mwaka 1982 walioingia darasani ni dola yenyewe. Ilitafuta mafundisho, vitabu, karatasi kwenye nyumba za watu. Nadhani ndivyo inavyokuwa: ukizoea kuzuia maneno yasitoke, siku moja unaanza kuyafuata mpaka yanakolala.

17.
Na mwaka huo huo, Mei, kitu kingine kilikuwa kimezaliwa Homa Bay. Kwa msaada wa UNESCO, mji ule ulipata redio ya jamii, ya kwanza Kenya, na mara nyingi huitwa ya kwanza Afrika. Mtambo mdogo wa FM wa bei nafuu. Lugha: Dholuo. Fikirieni hiyo. Mama anauza omena sokoni, anafungua redio, anasikia mambo ya kwake kwa lugha yake, yanatoka hapo hapo chini ya Got Asego, si Nairobi. Profesa hayuko hapo, hata mtihani hakuna. Lakini ni kitu kile kile Okot alitafuta Kisumu, na Kamirithu ilitafuta Limuru: maarifa kumfikia mtu alipo.

18.
Mwaka 1984 serikali iliifunga. Miaka miwili tu. Vijana wengi wa Homa Bay wa leo hawajui kwamba ilikuwepo. Nami nisingejua kama si Mwalimu. Hii ndiyo iliyokuwa mada siku ile nilirekodi. Aliingia kwenye viatu vya aliyeifunga ili atuonyeshe hoja yake ilivyoshonwa, tuweze kuishona na kuifumua wenyewe. Sekunde 38 zikachukua viatu, zikamwacha mtu.

19.
Kwa miaka mingi rais wa nchi ndiye alikuwa chansela wa kila chuo cha umma, na wakuu wa vyuo waliteuliwa kutoka juu. Wahadhiri waligoma mwishoni mwa 1993 wakitaka chama chao cha wafanyakazi kisajiliwe. Kilisajiliwa 2003, na mwaka huo huo rais akaacha mtindo wa kuwa chansela wa vyuo vyote. Wanaosema "zamani vyuo havikuwa na siasa" waeleze hili: mkuu wa siasa ndiye alikuwa anawavika wahitimu kofia.

20.
Lakini tuwe wa haki, omera. Wanaoogopa maneno yanayosambaa hawajaota tu. Baada ya 2000 redio za lugha za nyumbani zilienea. Kisha uchaguzi wa mwisho wa 2007 ukaja, na tume iliyochunguza zile ghasia ilizilaumu baadhi ya redio hizo kwa kuchochea chuki. Watu walikufa. Mimi nikisema mlango ufunguliwe, mtu aliyepoteza nyumba 2008 ana haki ya kuniuliza nitafanya nini na moto ukiingia kwa mlango huo huo.

21.
Katiba ya 2010 ilijaribu kujibu hilo. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza na kinataja waziwazi uhuru wa kitaaluma. Kifungu hicho hicho kinasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Kifungu cha 34 ni uhuru wa vyombo vya habari. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikafuta kipengele cha sheria ya mawasiliano kilichokuwa kinawapeleka watu korokoroni kwa "kutumia vibaya" simu na mitandao. Mwaka uliofuata ikafuta kosa la jinai la kumchafulia mtu jina. Na yule Mutunga aliyetolewa darasani 1982? Kuanzia 2011 mpaka 2016 alikuwa Jaji Mkuu.

22.
Wakati huo ukuta wenyewe ulihamia kwetu. Rongo ilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016, na ina shule nzima ya habari na mawasiliano. Homa Bay ilipata tawi la Maseno mwaka huo huo wa 2016, likawa chuo kikuu kamili 2022, kikibeba jina la kiongozi wa Rusinga aliyeuawa 1969. Kanuni ni kanuni, jina sitalitaja. Kijana anayetoka Kitere hata hahitaji nauli kwenda kwenye mhadhara.

23.
Halafu Machi 2020 corona ikafunga vyuo vyote, mihadhara ikahamia kwenye simu. Tangu hapo kurekodi si jambo la ajabu. Binamu aliyekosa darasa, mama anayesoma jioni baada ya duka, mgonjwa aliyelazwa, wote wanaishi kwa rekodi. Ukisema rekodi zipigwe marufuku, hao ndio unaowafungia nje kwanza.

24.
Kwa hiyo siku nyingine mjadala huu ukija, tenganisheni maswali matatu ambayo watu huyachanganya makusudi.
Moja: mhadhiri anaruhusiwa kugusa siasa? Ukifundisha sheria, habari, fasihi au historia ya nchi hii bila siasa, unafundisha nini? Kumpigia mtu debe darasani ni kitu kingine, na hicho kina haki ya kukataliwa.
Mbili: nani ana haki ya kurekodi? Hapa sheria ya hakimiliki ya 2001 inautambua mhadhara kama kazi inayolindwa, na sheria ya 2019 inalinda taarifa binafsi za mtu. Njia safi ni kuomba ruhusa. Mimi sikuomba.
Tatu: nani amekata? Hili ndilo hatuulizi kamwe.

25.
Kwa sababu angalieni kilichobadilika. Mwaka 1969, 1977, 1984, aliyezuia maneno yasivuke alikuwa mwenye dola, na alihitaji kibali, amri au askari. Kwa Mwalimu wangu hakuna askari aliyekuja. Ni sisi, watu wa ziwa, tuliotumiana sekunde 38 kwa bando zetu wenyewe mpaka mtu akaamua kunyamaza. Na aliyenyamazishwa ndiye pekee aliyekuwa akitufundisha kwamba wakati fulani tulikuwa na redio yetu na ikafungwa.

26.
Nilienda kumwomba msamaha. Alinikaribisha chai, akaniuliza kama nilipita mtihani. Nikamwambia nilipita. Akasema vizuri. Kuhusu klipu hakusema neno, nami sikujua niendelee vipi.

27.
Zile dakika 110 bado ninazo kwenye flash, nusu ya kwanza na nusu ya pili. Klipu iliniletea maswali wiki nzima: yuko chuo gani, ni wa ukoo gani, ametumwa na nani. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeniomba nimtumie mhadhara mzima. Nami, kabla sijamtumia mtu, nitaanza kwa kumuuliza Mwalimu.

Mwisho wa uzi. Maswali chini. Kama mzee wenu aliisikiliza ile redio ya Homa Bay kati ya 1982 na 1984, mwombeni awasimulie anachokumbuka. Na mkimrekodi, mwambieni kwanza.